Sauti Aliyoiachia Lemi

Jumapili, Desemba 2013. Saa 2:30 asubuhi.

Katika chumba cha nyuma ya baa moja ya mtaa wa Kator, Lubega alichora duka mezani kwa mkaa. Geti. Mlinzi mmoja. Mlango wa nyuma, ambao Lilly, mfagizi wa duka hilo, alikuwa ameiba ufunguo wake. Ndani, sefu yenye dhahabu ya tajiri wa mtaa wa Gumbo, ambaye saa nne angekuwa kanisani. Nchi haikuwa imetimiza miaka mitatu ya uhuru na mji ulishanuka vita. Walitaka kuvuka mpaka wa Nimule kuingia Uganda kabla haujafungwa.

Sefu ilikuwa kazi ya Lemi. Shingo yake iliruka, bega likafuata, koo likatoa mlio: "Hak!" Mwili ulimfanyia hivyo tangu ana miaka saba; sasa alikuwa na thelathini na minne. Kanisani walimwombea, sokoni walimwiga. Vidole vyake vikigusa kufuli tu, mwili mzima ulitulia.

Lilly aliuliza itakuwaje akitoa ule mlio ndani.

"Lemi iko sawa," Lubega alisema. "Mimi namujua huyu."

Akamshika Lilly kiuno. Lemi akainamia mkaa. Yeye ndiye aliyempenda Lilly kwanza, tangu ukimbizini Uganda. Yeye ndiye aliyemleta kwa Lubega.

Saa 4:10. Sefu ilifunguka. Dhahabu ikaingia katika mfuko alioubeba Lilly.

Saa 4:13. Nyayo. Wakajibanza nyuma ya magunia ya sukari. Mlinzi akaingia na bunduki, akachungulia huku na huku.

Koo la Lemi likaanza kuwasha. Akalibana. Alijua kubana, siku ya kumzika mama yake alibana misa nzima. Kando yake, Lubega alimfuta Lilly jasho la shingoni kwa kidole gumba, taratibu, na Lilly akafumba macho. Lemi hakuwahi kuguswa hivyo na mtu yeyote. Wivu ukamkaba kuliko ule mlio.

Mlinzi aligeuka kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

"Hak!"

Risasi zilipasua magunia. Lubega alimwangusha mlinzi kwa bastola, kisha naye akakaa chini, ameshika tumbo. Aliwaambia wakimbie.

"Si makosa yako, ndugu yangu," alimwambia Lemi. "Ni ugonjwa."

Saa 5:40. Wawili hao wakafika kitongoji cha Lemon Gaba kwa pikipiki, wakajificha katika nyumba isiyo na paa. Damu ya Lubega ilikuwa imemkaukia Lilly mikononi.

"Lemi. Haungeweza kuuzuia ule mlio?"

Angeweza kumdanganya. Dunia nzima ingemwamini.

"Ningeweza."

Lilly aliweka mfuko wa dhahabu chini, akatoka, akashika njia ya kuelekea kizuizi cha askari walichokikwepa njiani. Lemi hakumfuata, wala hakukimbia.