Boya la Goulven

Jumatatu ya kwanza ya Februari, Rozenn Tual alikuta faili moja limezidi. Maboya aliyoyaomba yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Kwenye akiba kulikuwa na mafaili mia mbili na kumi na matano.

Programu alikuwa ameiandika mwenyewe, katika ofisi yake iliyotazama bandari ya Brest, na haikuwa na uchawi wowote. Ilipakua kutoka seva kuu vipimo vya maboya yanayozama na kuibuka baharini, kisha ikaweka nakala kwenye akiba ya kompyuta, ili kesho isipakue tena kilichokwishapakuliwa. Sasa hilo faili la ziada lilidai kwamba mita elfu moja chini ya Atlantiki, katikati ya majira ya baridi, maji yana joto la nyuzi thelathini na saba. Ukaguzi ukaligomea, jedwali zima likakwama, na bila jedwali hilo mkataba wa Rozenn ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

Tanguy, mwenzake wa meza ya pili, akachungulia. "Hiyo bahari au supu, dada?"

Rozenn hakucheka. Saa tatu asubuhi akalifuta. Dakika kumi baadaye faili lilikuwa limerudi na mstari mmoja ndani yake, na kila saa mstari mwingine ukaongezeka. Aliwapigia watu wa seva, wakamwapia kwamba faili hilo hawana na hawajawahi kuwa nalo. Sasa linapakuliwa kutoka wapi? Alipekua programu herufi kwa herufi wiki nzima, akatoka mikono mitupu na macho mekundu. Ofisi nayo ikaanza kunuka mwani na koti la mpira lililolowa, na Tanguy akasema ni mabomba.

Jumatatu ya pili, saa tatu, akalifuta tena. Likarudi. Jumatatu ya tatu alilifuta huku akilitukana kwa Kibretoni, lugha ambayo mama yake alimkataza kutukania. Hasira hasara, lakini asubuhi hiyo nani angemwambia? Akaongeza amri mpya: kila Jumatatu saa mbili kamili, futa akiba yote na upakue upya. Huenda akiba yote ikifutwa faili halingerudi, naye angeketi saa tatu na kukuta kazi safi, bila kulitia machoni.

Jumatano Tanguy alirudi kutoka chumba cha kumbukumbu, utani umemwisha. "Kaa kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Nimetafuta namba ya lile boya. Ni la Goulven."

Goulven alikuwa kaka yake Rozenn, fundi wa meli ya utafiti. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akilishusha boya hilo majini, wimbi lililichukua boya na yeye pamoja. Mwili haukuonekana. Boya halikuwahi kutuma hata kipimo kimoja.

Rozenn akachora mistari ya faili kwenye ramani. Boya hupelekwa na maji huku na huku, lakini hili lilitoka pale ilipokuwa meli siku ile na kunyoosha moja kwa moja kuelekea kisiwa cha Ouessant, nyumbani kwao. Akampigia mama yake, na kabla hajamaliza salamu mama akaanza kunong'ona.

"Jumatatu zote hizi nasikia viatu vyake kwenye kijia, vimejaa maji. Anafika ukuta wa kondoo kabla hakujakucha, nasikia anavyohema langoni. Halafu kimya."

"Kunakuwa kimya saa ngapi, mama?"

"Saa tatu."

Rozenn alilia pale pale mezani. Zile nyuzi thelathini na saba zilikuwa joto la mwili wa mtu. Kila alipofuta, kaka yake alirudishwa pale alipozama, akaanza safari upya.

Miaka miwili mama alikuwa amekataa proella, ule msalaba mdogo wa nta ambao huko Ouessant huzikwa badala ya mwili wa aliyepotea baharini. Hazikwi mtu kwa mshumaa, alisema. Sasa akakubali, kwa sharti moja: Goulven aachwe afike kwanza. Jumapili Rozenn akavuka kwa meli ya abiria. Kompyuta aliiacha Brest ikiwaka, asithubutu kuigusa.

Jumatatu bado kuna kigiza, mama alikuwa ameshafungua lango la ukuta wa kondoo na mlango wa jikoni, na msalaba wa nta uko mezani juu ya kitambaa cheupe. Harufu ya mwani ikatangulia, kisha ile ya koti la mpira, kisha viatu, kimoja, kingine, vizito, vikimwaga maji kwenye mawe, vikapita ukutani bila kusimama, vikaja uani, vikaja karibu zaidi, mpaka kizingiti kikalowa na maji yakaanza kutandaa sakafuni ingawa juu yake hapakuonekana mtu.

"Ingia, mwanangu," mama alisema taratibu. "Umechoka."

Saa ya ukutani ikaanza kugonga saa mbili, na hapo ndipo Rozenn alipoikumbuka amri yake. Akampigia Tanguy azime kompyuta. Simu ikaita, ikaita, na saa ikagonga mara ya sita, ya saba, ya nane.

Maji yakaacha kutandaa. Alama moja ya kiatu ilikuwa ndani ya kizingiti.

"Mbona amerudi baharini?" mama aliuliza.

Rozenn alimwambia kila kitu.

Saa nne Tanguy akapiga, sauti imechangamka. "Hongera, dada. Jedwali limepita. Boya lako limepoa, nyuzi nne kama wenzake."

"Liko wapi?"

Tanguy akafungua ramani. "Pale pale lilipoanzia. Mistari miwili sasa, na halijasogea."

Mama alikuwa bado ameushikilia mlango wazi.