Dagaa kwenye Mkoba wa Megha

Kila asubuhi kabla ya shule, Megha na bibi yake, Sudha, hupanda juu ya paa la ghorofa lao, mtaa wa Kisutu, kuwamwagia njiwa mtama. Majirani wakinung'unika kuhusu vinyesi, Bibi huwakaribisha chai. "Kulisha viumbe ni ibada," husema.

Jumamosi Megha hufuatana na baba yake mdogo, Alpesh, mwenye boti ya kupeleka watalii kutazama pomboo. Kibali cha serikali kinaruhusu kutazama tu. Kulisha ni marufuku. Lakini Megha aliona pomboo wanapita mbali, akawaonea huruma. Kwao hawali nyama, hata samaki haingii ndani, basi rafiki yake Evelyn wa Kariakoo akawa anamnunulia dagaa wabichi. Megha aliwatupa kwa siri nyuma ya boti, na pomboo wakazoea kuja.

Jumamosi moja, afisa wa serikali, Bi Angela, aliwasubiri gatini Kivukoni. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Pomboo mdogo amekatwa na pangaboi la injini pale mnapopeleka watalii," alisema. "Pomboo hawasogelei injini hivi hivi. Nani anawalisha?"

Alpesh akamgeukia nahodha wake. "Samson! Ni wewe, unatafuta bakshishi za wageni!"

"Bosi, haki ya Mungu, sijatupa hata mwiba!"

"Usinifanye mtoto. Chukua vitu vyako, kazi imeisha."

Samson akainama, akaokota kandambili zake na kontena lake la chakula. Megha akasimama mbele yake.

"Baba mdogo, ni mimi," alisema, akafungua mkoba. Harufu ikawafikia wote. "Nilidhani ni kama njiwa wa Bibi."

Bi Angela aliisimamisha boti kwa miezi miwili. Alpesh akamshika Samson mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Kazi yako ipo palepale."

Nyumbani, Bibi alisikiliza yote huku ameziba pua kwa ncha ya sari.

"Kosa moja ni langu," alisema hatimaye. "Nilikufundisha kulisha, sikukufundisha kuuliza kwanza. Njiwa wetu wamezaliwa hapa mjini. Pomboo wanajua kujitafutia, na wewe umewaita kwenye panga. Wanaokataza wana sababu. Lakini ulisema kweli kabla Samson hajaondoka. Hapo umenifurahisha."

Megha akatabasamu kidogo.

"Usicheke. Kafue mkoba huo. Nje!"