Birika Lisilo na Wavu

Kila asubuhi ya likizo Azza alifagia ua, akatandika jamvi la wageni wa kahawa, kisha akakimbilia birikani. Birika lao la saruji lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, hapo kijijini Manah, ukingo wake sawa na ardhi. Pampu ililijaza maji ya kumwagilia mitende, na kina chake kilimpita hata baba yake. Azza alikuwa na miaka kumi na miwili, na akiogelea humo mpaka vidole vikunjamane.

Mwaka ule mtoto mmoja alizama katika birika la shamba jirani, akafa. Wazee wa mtaa wakakubaliana kila birika lizungushiwe wavu na kutiwa mlango wa kufuli. Asiye na mtoto mdogo nyumbani angesamehewa.

Ijumaa jioni Sheikh Khalaf, mmoja wa wazee hao, alikuja kuuliza.

"Shikamoo, Sheikh," Azza alisema, akiweka sahani ya halua.

"Marahaba, mwanangu. Haya, Khelef," akamgeukia baba yake Azza, "humu mna watoto wadogo?"

"Mdogo wetu ndiye huyu," Baba akajibu, akicheka. "Na huyu ni samaki!"

"Basi wewe umesamehewa."

Baba alifanya kazi mjini Nizwa. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri. Hakujua kwamba jirani yao, Bi Ghaniya, huja kila asubuhi kunywa kahawa na Bibi Shukriya, bibi yake Azza, tena humleta Nadhir, mwanawe wa miaka miwili. Azza alijua. Lakini wavu ukiwekwa, ufunguo utakaa kwa Baba, na kuogelea ndiyo basi tena. Akanyamaza.

Asubuhi moja, siku chache baadaye, Azza alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba. Uani Bibi na mgeni wake walikuwa wakicheka. Ghafla Bi Ghaniya akauliza, "Jamani, Nadhir yuko wapi?"

Azza akageuka. Maji ya birika yalikuwa yakitikisika, na ndani yake ilionekana kanzu ndogo nyeupe. Akajitupa na nguo zake zote, akamshika mtoto, akamsukuma juu. Bibi akaja mbio, akampokea, akamlaza kifudifudi, akampiga mgongoni. Nadhir akatapika maji, kisha akalia kwa nguvu. Alhamdulillahi! Bi Ghaniya akamkumbatia.

Baba aliporudi, Azza alimwambia huku akilia, "Baba, nilijua Nadhir huja kila siku. Sikusema, nilitaka kuogelea."

"Na mimi nilijibu bila ya kumuuliza mtu," Baba akasema.

"Ndiyo, hukuuliza!" Bibi akafoka. "Nyinyi wanaume mmehesabu wanaolala humu. Na wanaoingia je? Mlango wetu u wazi kutwa! Na wewe, Azza, kunyamaza kule kulikuwa uongo. Ukijua jambo linaloweza kumuua mtu, liseme, hata kama litakukosesha raha yako."

Baba akaenda kwa Sheikh Khalaf jioni ile ile, akaukataa msamaha wake, na kesho yake wavu ukawekwa. Sheikh naye akazirudia nyumba zote alizozisamehe. Safari hii alikwenda asubuhi, akawauliza akina mama.