Feni ya Friza ya Memsaab

Sokoni Kitale, Jumamosi moja ya mwaka 1956, Jerono alikanyagwa kidole na kiatu kizito.

"Wee! Si uangalie! Unatembea kama ng'ombe ya maksai."

"Pole, dada. Macho yalikuwa huku juu, kwako."

Ni Wakhungu wa Bungoma, fundi wa umeme, kaptula imejaa grisi. Jerono, mpishi wa mzungu mmoja nje ya mji, alivaa gauni la maua na kitambaa cheupe kichwani. Alitaka kukasirika, akacheka.

Haikupita wiki friza ya memsaab, mke wa mzungu huyo, ikaanza kelele. Jerono akatumwa kupiga simu karakana, na aliyekuja ni yule yule wa sokoni.

"Ni feni," alisema, amelala tumbo nyuma ya friza. "Skrubu imelegea. Ona hii." Akaikaza, jiko likanyamaza. Wakanywa chai nje kwa vikombe vya bati, kwa sababu vya kaure vilikuwa vya wenye nchi. Chai iliisha, mazungumzo hayakuisha.

Tangu hapo feni haikupona, Jerono akawa anapiga simu karakana kila mara.

"Fundi, imeanza tena."

"Inaliaje, mpenzi?"

"Kama wewe ukinyimwa chai."

"Basi nakuja, sukari yangu."

Bwana mwenye nyumba akachoka. Hakuuliza kitu, wakubwa hawaulizi. Alimwambia tu mwenye karakana kwamba mtu wake hajui kazi. Wakhungu akafutwa, na mweusi asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa Kitale. Alipanda basi la Bungoma bila kuaga, akiamini Jerono ndiye aliyemchongea.

Jerono alipopewa Jumapili yake ya mapumziko alimfuata. Alimkuta pale Kanduyi, Bungoma, kando ya barabara, anaziba pancha ya baiskeli.

"Umekuja kucheka?" Wakhungu hakuinua uso. "Ulimwambia Bwana mimi sijui kazi."

"Sikumwambia. Ile skrubu ni mimi nilikuwa nalegeza. Na kisu ya mkate."

Wakhungu akaacha gurudumu lianguke. "Kwa nini, Jerono? Si ungeniita tu?"

"Nikuite kwa ruhusa ya nani? Mtu yetu anaingia pale kama kuna kitu imeharibika."

Hasira ya Wakhungu ikamwacha Jerono, ikabaki bila mtu wa kuipokea, maana waliostahili walikuwa mbali, wanakunywa vinywaji baridi.

"Usirudi," Wakhungu alisema taratibu. "Nikuoe. Mahari nitapeleka kwenu ng'ombe mmoja mmoja."

"Na mama yangu atakula nini, mpenzi? Hiyo mshahara ndiyo inalisha nyumba yote. Kesho nikikosa, nimefutwa kama wewe."

"Na mimi nitakuona lini?"

"Jumapili wakinipa. Wakininyima, wamenyima."

Akamsindikiza hadi kwenye basi. Hawakushikana mikono, watu walikuwa wengi.

Siku zikapita, friza ikawa kimya kabisa. Asubuhi moja memsaab alisimama mbele yake, akasikiliza, akatabasamu.

"Unaona, Jerono? Yule fundi ndiye alikuwa anaiharibu."

"Ndiyo, memsaab," Jerono akasema, akaendelea kukata mkate.