Kamba ya Dirishani

Haya yalimpata rafiki yangu Faiz, wa Barani. Akitoka Jilore na gari lake kuukuu, waya wa pedali ya mafuta ulikatika. Akautupa kichakani, akafunga kamba kwenye kabureta, akaipitisha dirishani, akawa anaendesha huku akiivuta kwa mkono.

Giza lilipotanda, kamba ikamponyoka, ikaburuzwa nje polepole. Injini haikulegea. Ikanguruma, ikajipunguza kwenye kona, ikanguruma tena, mpaka mlangoni kwake.

Mkewe, Ruqaiya, alimmulikia, Faiz akafungua boneti. Kamba haikuwamo. Waya aliotupa Jilore ulikuwa mahali pake, umeungwa kwa msuko wa nywele.

"Nywele za nani hizi, Faiz?"

Faiz akamtazama kichwani. Ruqaiya akapapasa chini ya mtandio wake. Msuko mmoja haukuwepo.