Damu ya Sitara

Foleni ya sukari ilikuwa imepinda kona ya Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, siku Mbaruku alipozikanyaga raba za Sitara. Zilikuwa raba nyeupe zilizopakwa chaki, na mwenye nazo alikuwa amejifunga khanga juu ya sketi ya michezo. Mbaruku akaomba radhi. Sitara akamjibu kwamba radhi haifui viatu. Watu wakacheka, na Mbaruku, kijana wa miaka ishirini aliyeuza vipuri vya baiskeli dukani kwa mjomba wake Sadalla, hakuona hata foleni iliposogea.

Ilikuwa mwaka sabini na saba. Sitara alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo, na kutulia hakujui. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya wasichana wa Mchafukoge. Kuanzia wiki ile Mbaruku akawa haishi kuaga dukani alasiri ili aende Mnazi Mmoja kutazama mazoezi. Siku zisizo na mazoezi Sitara alimpigia simu ya dukani kutoka kwa jirani yao fundi cherehani.

“Naulizia cheni ya baiskeli,” alisema.

“Baiskeli gani, mpenzi?”

“Ile ambayo hujaninunulia.”

Mzee Sadalla alijifanya hasikii.

Kisha simu zikakatika. Siku nane Sitara hakuonekana uwanjani. Mbaruku akawa anawapa wateja chenji iliyozidi bila kujua, anayetaka tairi anampa betri. Siku ya tisa alikwenda nyumbani kwa kina Sitara. Mama yake, Bi Kijakazi, alimkaribisha akamweleza bila kuficha. Sitara amelazwa; alizaliwa na selimundu. Chembe za damu yake hujikunja na kuziba mishipa, na zikiziba, mifupa humuuma mpaka alazwe. Kaka yake alikuwa nayo pia. Alifariki akiwa na miaka sita. Daktari alimruhusu Sitara acheze kidogo kidogo, anywe maji mengi, apumzike akichoka. Lakini yeye hakuwahi kukubali kwamba amechoka.

Mbaruku alitoka pale amechanganyikiwa. Hakwenda nyumbani. Alitembea mpaka Magogoni, akapanda kivuko hadi Kigamboni, akarudi nacho bila kushuka. Kesho yake akamfuata Mwalimu Hyasinta, kocha wa timu, akamwambia kila kitu na kumsihi amtoe Sitara kikosini. Mwalimu, ambaye hakuwa akijua, aliogopa. Akalifuta jina lake.

Simu ya Sitara ilikuja Jumatatu.

“Nani alikutuma?”

“Nilikuogopea, Sitara. Ungeanguka.”

“Nimeanguka mara nyingi kabla sijakujua. Pale uwanjani ndipo mahali pekee ambapo nilikuwa Sitara tu. Sasa nimekuwa mgonjwa hata pale. Usinitafute.”

Akakata.

Mwezi mzima Mbaruku hakutulia. Usingizi ulimpaa, chakula kilimshinda. Mwishowe alirudi kwa Mwalimu Hyasinta akakiri kwamba alisema jambo lisilo lake, tena kabla ya kumuuliza mwenyewe. Mwalimu akamwambia amechelewa: Sitara alikwisha kuja na mama yake na barua ya daktari. Atacheza robo moja tu kila mechi, na amekubali. Basi Mbaruku akaenda hospitali, akanyoosha mkono, akatolewa damu ya kupimwa.

Jumamosi iliyofuata alimsubiri nje ya uwanja. Sitara alitoka na kina Selina, wenzake wa timu, amevaa gauni la buluu na khanga begani, jasho bado linamtoka shingoni. Alipomwona aliwaambia watangulie.

“Nilikukosea,” Mbaruku alisema. “Na kuna jambo sikutaka ulisikie kwa mwingine. Nimepima. Siumwi selimundu, lakini ninayo nusu yake damuni. Tukizaa, mtoto anaweza kuipata.”

Wachuuzi wa karanga walipita, Sitara akawatazama mpaka wakatoweka.

“Umekuja kuniaga?”

“Nimekuja kukuposa. Ila sikutaka nikupose kwa kukuficha.”

Sitara alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alisema kwamba kaka yake alikuwa akilia kila akilazwa, na kila akirudi alicheka nyumba nzima ikacheka naye. Alisema yeye mwenyewe kuna siku maumivu humfanya aume mto. Kisha akamtazama.

“Lakini sijawahi kutamani nisingezaliwa, Mbaruku. Hata siku moja. Mambo ya watoto tutaulizana sisi wawili, polepole. Usimuulize mwalimu.”

“Simuulizi.”

“Basi mwambie Mzee Sadalla aje kwa baba. Aje Jumapili. Jumamosi nacheza.”

Akageuka kuwafuata wenzake, kwa hatua za haraka, na Mbaruku akalazimika kukimbia ili amfikie.