Irabu za Kitenzi Kimoja

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Dimyana, niliyesoma naye Kimisri cha kale huko Luxor, na hadi leo ukimtania kuhusu jambo hili ananuna.

Wamisri wa kale hawakuandika irabu. Sasa kwenye ukuta wa kaburi moja la Gurna, karibu na Luxor, marehemu anasema kuhusu kila anayeingia ama "nilimsikia" ama "nitamsikia." Herufi ni zilezile; irabu tu ndizo zingeonyesha wakati. Kitenzi hicho kilimtesa Dimyana mwaka mzima.

"Andika 'nilimsikia' tuchape ripoti," profesa wake alimfokea kwenye simu asubuhi moja. "Maiti ana kesho gani?"

Adhuhuri hiyo Dimyana akaenda kuukagua ukuta mara ya mwisho. Alipofika ndani kabisa, jenereta ikazimika. Giza totoro. Kwa hasira akalisoma neno kwa sauti, "sejemi," kwa zile irabu tunazobandika darasani ili litamkike.

Kutoka kwenye shimo la jeneza, sauti kavu ikalirudia polepole, kwa irabu nyingine. Kisha ikanyamaza, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mzito wa kuelewa. Dimyana akajaribu tena. Sauti ikasonya.

Alitoka akitambaa. Mlinzi, mzee Abul-Wafa, alikuwa kivulini anakunywa chai.

"Daktari," akamcheka, "huyo mwenzako anasoma vizuri kuliko wewe."

Dimyana alikuwa ameingia peke yake.

Ripoti yake haikusema "nilimsikia" wala "nitamsikia." Aliandika "ninamsikia."